Namna ya Kumgeuza Mbwa Mkali wa Rujewa Kuwa Mfariji, Bila Kujichosha

Umeona kwenye simu: mbwa mnene wa rangi ya dhahabu amelaza kichwa kitandani kwa mgonjwa huko Marekani, mgonjwa anatabasamu, na mwenye mbwa anamiminiwa sifa na watu wasiomdai wala wasiomjua. Ukageuka ukamtazama mbwa wako uani, chini ya kile kibao ulichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HATARI, MBWA MKALI. Ukajiuliza, kwa nini nisiwe mimi?

Swali zuri. Mwongozo huu ni wako, mkazi wa Rujewa, pamoja na jirani zako wa Ubaruku, Igawa na Chimala: watu wenye mbwa, wenye huruma, wasio na muda. Tuanze.

1. Usifundishe. Teua.

Kufundisha ni kazi, wewe. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, kidude kinalia "tik", anapewa kipande cha ndizi. Kesho tena, keshokutwa tena, karibu miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyobaki baada ya vita, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Panya, mzaliwa wa Tanzania, alipata nishani. Wewe hata kadi ya uanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa hujui ilipo.

Lakini usihuzunike. Wewe huna miezi tisa. Una Jumamosi moja, na jioni kuna mechi. Basi tafuta mbwa ambaye dunia imeshamfundisha: aliyezeekea kwa wafugaji wa Usangu, anayelala katikati ya njia mpaka bodaboda ndizo zinazomkwepa. Wataalamu hupima tabia kwanza, mafunzo baadaye. Wanataka mbwa mtulivu, asiyeshtuka ovyo, aliyepita mwaka mmoja. Wako hashtuki kwa sababu hasikii. Sawa tu. Mwogope yule aliyekulia majarubani na watoto wanaoamia ndege. Kwake yeye kila kinachotikisika ni kwelea kwelea, na mgonjwa anayepunga mkono kusalimia hatapona.

2. Sindano

Kwingine kote nitakuonyesha pa kukatizia. Hapa hapana. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kwa kawaida kinachofuata ni msiba, na karibu kila anayekufa kwa ugonjwa huo aliupata kwa mbwa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo. Na kama wewe ni mtu wa kungoja matangazo, Septemba 28 ndiyo siku ya dunia ya ugonjwa huo, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo yake, mwaka 1895. Mbwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mbio hadi kituo cha afya. Usipake majivu, usipake mafuta ya breki, usingoje uone.

Kadi ya chanjo itunze. Ndiyo karatasi pekee ya kweli utakayokuwa nayo katika safari hii.

3. Jina

Tuseme ukweli, ulimpa mbwa jina ili kumsema jirani. Yuko Mtasema Sana, yuko Wivu Wenu, yuko Hamnijui. Sasa fikiria uko chumbani kwa mgonjwa, ndugu wameinamisha vichwa, na wewe unafoka: "Mtasema Sana, kaa chini!" Utatolewa nje wewe kabla ya mbwa.

Badilisha. Chagua jina laini, lakini usimwite Neema wala Faraja, maana katika nyumba yoyote ya hapa kuna Neema, na huenda ndiye mwenye nyumba. Popi linatosha. Mbwa hatajali, mbwa haitiki jina, anaitika mfuko. Weka dagaa mfukoni, mwite jina lolote, atakuja. Watu watasema, "Tazama anavyomtii!" Tabasamu kwa unyenyekevu.

4. Kizibao na cheti

Hiki ndicho kiini cha fani nzima. Bila kizibao, wewe ni mtu anayeingia na mbwa kwenye nyumba za watu. Ukiwa na kizibao, wewe ni mradi.

Chukua reflekta kuukuu ya bodaboda, ikate nusu, toboa matundu ya miguu ya mbele. Andika mgongoni kwa herufi kubwa: MFARIJI. Kisha nenda steshenari, chapa cheti chenye maua pembeni, kitiwe nailoni ngumu kama kitambulisho. Usithubutu kuweka muhuri wa serikali, huo una kesi. Chovya mguu wa mbwa kwenye wino, ugonge. Nani atabisha kuwa si sahihi yake?

Usijione tapeli wa kwanza. Marekani watu walinunua vyeti vya "mnyama wa kufariji" kwenye mtandao bila mnyama kuonwa na mtu, wakapanda naye ndege bila kumlipia. Januari 2018 mama mmoja alifika uwanja wa Newark na tausi wake aitwaye Dexter, mkia na madaha yake yote. Shirika la ndege la United likamkatalia. Desemba 2020 serikali yao ikatunga kanuni kwamba mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumtambua mnyama wa kufariji kuwa mnyama wa huduma. Sisi tulishamaliza mjadala huo zamani: kwenye basi la Mbeya, konda anaangalia mnyama, anaangalia buti, mnaelewana bei.

5. Mtihani

Klabu ya mbwa ya Marekani, AKC, tangu 1989 ina mtihani wa mambo kumi kwa mbwa mwenye adabu. Tutafanya manne, kwa masharti yetu.

Kupita katikati ya umati. Usipite stendi basi linapoingia na wauza mayai wanakimbilia madirishani. Pita njia ya mashambani saa nane mchana. Mkikutana na watu wawili na ng'ombe, umati huo. Amefaulu.

Kushinda vishawishi. Kabla ya kumpitisha kwenye mishikaki, mlishe ugali mpaka ashindwe kusimama. Ni uadilifu kamili.

Kukutana na mbwa mwingine. Mkutanishe na ndugu yake wa tumbo moja.

Kuachwa na mtu asiyemjua kwa dakika tatu. Mfunge kwenye mwembe, mwachie kijana wa jirani. Asipolia, amefaulu. Akianza kulia, hesabu haraka.

6. Mlangoni

Usianzie hospitali. Mlinzi wa getini hasomi vizibao, na ana haki yake: wodini kuna vidonda. Anzia majumbani. Wakati mzuri ni kipindi cha mavuno, watu wakiwa wameshinda majarubani wakipiga mpunga. Nyumba nzima anabaki mzee mmoja na redio. Hana pa kukimbilia.

Piga hodi, simama nje, muulize mwenye nyumba kwanza. Kwa Waislamu wengi wa huku kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usimwongezee mgonjwa kazi ya kufua shuka mara saba. Kaa naye barazani, mbwa abaki chini ya mti. Ufariji wa mbali nao ni ufariji. Wahenga walishaonya kuwa mazoea na mbwa hukufuata msikitini, nao hawakuwa wameona mbwa mwenye cheti.

Wapo watakaokucheka njiani, wakuambie anayehitaji mbwa wa hivyo apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Wajibu kwa upole kwamba huko nako umealikwa.

Na usiende mikono mitupu! Mbwa si zawadi. Beba kilo ya sukari na machungwa. Mgonjwa akichukia mbwa, atapenda sukari, na ripoti ya mradi wako itasema ziara ilipokelewa vizuri.

7. Kando ya kitanda

"Kamwene, bibi. Shikamoo." Subiri marahaba. Mwache mbwa alale sakafuni, karibu na ulipo mkono wa mgonjwa. Sasa, hapa utatamani kuongea: ueleze kuwa daktari wa saikolojia Boris Levinson huko New York, miaka ya 1960, aliripoti kuwa watoto wasiotaka kusema naye walianza kusema mbwa wake Jingles alipokuwapo. Nyamaza. Tazama kinachotokea.

Bibi ataunyoosha mkono, ataligusa sikio la mbwa, ataguna. "Huyu ana kupe." Atamkamata yule kupe kwa kucha mbili, atamng'oa, atamtosa kwenye kifuniko cha mafuta ya taa alichokuomba umletee. Atatafuta wa pili. Mbwa atafumba macho. Akifika kwa wa tano, bibi ataanza kusema, bila kukutazama, kwamba marehemu babu alikuwa na mbwa mwekundu, kwamba mwaka ule maji ya mfereji yalipokatika walilala njaa, kwamba mwanawe aliyeko Dar hajapiga simu tangu Pasaka.

Usiingilie. Usipige picha, mkono unatikisika na mwanga hautoshi. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika, na la kuudhi ni kwamba hakuna anayekutazama wewe. Jifariji: ulimwacha mbwa na kupe kwa makusudi, kwa ajili ya tiba. Nani atathibitisha vinginevyo?

8. Kuaga

Wataalamu hufundisha mbwa kukaa. Kwa desturi zetu, lililo gumu ni kuondoka. Mgeni anaaga kitini, anaaga mlangoni, anaaga getini, na mgonjwa anazidi kuchoka kwa kuagwa.

Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, alikuwa na mbwa aitwaye Jofi aliyelala chumbani akiwasikiliza wagonjwa. Mwanawe Martin alisimulia kuwa Freud hakuhitaji saa: Jofi akisimama na kupiga miayo, muda umekwisha. Fundisha hilo tu. Ukikaribia nusu saa, gusa mfuko wa dagaa. Mbwa atasimama. Sema kwa masikitiko, "Tungekaa, lakini Popi ana mgonjwa mwingine." Hakuna binadamu aliyewahi kuondoka kwa heshima kama hiyo.

9. Siku mambo yatakapoharibika

Yataharibika. Mtori wa mgonjwa utawekwa kwenye kigoda kupoa, wote mtafumba macho kwa sala, na mkisema amina bakuli litakuwa jeupe.

Usikimbie, usimpige mbwa, usicheke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haipendi mateso, na wenyeji hawapendi kicheko. Simama, litazame bakuli, kisha sema kwa sauti ya kitaalamu: "Ameona chakula hiki hakimfai mgonjwa." Wakiendelea kukukodolea macho, sema: "Nimemrithi kwa shemeji." Kila mmoja pale ana shemeji, ataelewa. Kesho yake peleka ndizi mbichi na nyama, pika mtori mwingine wewe mwenyewe, ukae mpaka mgonjwa amalize. Hii si tiba wala si sehemu ya mradi, hivyo usiiandike kwenye ripoti, ingawa utashangaa kuona mgonjwa ameipenda kuliko ziara zote.

10. Ukishindwa kabisa

Iko njia moja zaidi, naitaja kwa shingo upande. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza na mabibi 14 huko Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na walezi wa mabenchi hayo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Siku hizi mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar.

Maana yake ni kwamba hata wewe unaweza kwenda kwa mgonjwa bila mbwa. Ukavuta kigoda, ukaacha simu mfukoni, ukamwacha aseme anachotaka kusema, hata kama ni habari ya mfereji ule ule kwa mara ya nne. Siipendekezi. Huvai kizibao, hupati cheti, hupigwi picha, na ukisinzia katikati ya maneno ya watu, hakuna mbwa wa kumsingizia.