Kikao cha Utambulisho Chini ya Mchu

Haya yalisikika chini ya mti wa mchu, kwenye mkono mmoja wa mto Rufiji, karibu na Simba Uranga, siku ya tatu baada ya bamvua. Maji yalijaa saa 1 asubuhi. Waliohudhuria ni Kiboko, mkuu wa ofisi, Kaa, afisa utumishi na mwandishi wa vikao, Mamba, mhasibu, na Yangeyange, aliyeajiriwa kuhesabu kamba wanaoshushwa dikoni. (Yangeyange kuhesabu kamba! Ila usaili aliupita.)

YANGEYANGE: Shikamooni wazee.

KIBOKO: Marahaba, binti. Karibu kituoni. Kaa.

KAA: Naam, mzee?

KIBOKO: Si wewe. Namwambia mgeni.

YANGEYANGE: Ahsante, mzee. Kabla hatujaanza, mashua huwa zinashusha saa ngapi?

KIBOKO: Maswali ni ajenda ya nane. Ajenda ya kwanza ni mimi. Nimeitumikia ofisi hii tangu Kibiti haijawa wilaya, tukiwa bado chini ya Rufiji. Na kabla yangu alikuwepo babu. Wajerumani walipoificha manowari yao Königsberg humu mwaka 1914, babu alikuwa papa hapa majini, pua tu ndiyo iliyokuwa nje. Ikafia humu tarehe 11 Julai 1915, babu akishuhudia. Unajifunza nini hapo?

YANGEYANGE: Kwamba manowari kubwa za Waingereza waliokuwa wakiiwinda zilibaki bahari kuu miezi na miezi, maana zingekwama. Wakaagiza meli za Severn na Mersey, zisizohitaji maji mengi. Nadhani kuna mtu aliuliza kina kabla ya kuingia.

KIBOKO: Hapana. Unajifunza kwamba ukoo wetu una uzoefu.

KAA (anaandika, akienda upande): Ukoo... una... uzoefu.

Ajenda ya kwanza ilichukua saa nzima. Ya pili ilikuwa chai, na kusema haki, hiyo ilikwenda vizuri.

KIBOKO: Sasa nidhamu. Kuripoti ni saa 1:30 asubuhi. Ikipita, Kaa anapiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Kutoka ni saa 9:30 alasiri.

YANGEYANGE: Mzee, kamba wanaletwa na mashua, na mashua zinaletwa na maji. Maji yanasogea karibu dakika 50 kila siku. Leo yamejaa saa 1, kesho yatajaa kama saa 1:50. Wiki ijayo ni mchana mkiwa mnakula, halafu tena usiku wa manane. Si bora saa zangu zifuate maji? Jumla ya wiki sitapunguza, na haitavuka zile saa 45 za sheria.

KIBOKO: Anayebadilisha saa bila kibali ni Maji, si ofisi. Aandikiwe barua ya kujieleza.

KAA: Nakala kwa nani, mzee?

YANGEYANGE: Kwa Mwezi.

KAA (anaandika): Nakala... kwa... Mwezi.

YANGEYANGE: Na maelezo ya kazi yangu, wazee? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema mwajiriwa apewe kwa maandishi anapoanza: kazi yenyewe, kituo, saa, malipo.

KAA: Yapo. Yako Kibiti mjini yanasubiri sahihi. Ila mstari wa mwisho naukumbuka kwa moyo: "na kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi."

YANGEYANGE: Na mistari ya juu yake?

KAA: Huo ndio tunaoutumia.

MAMBA (anafuta machozi): Mwanangu, na hela yako ya kujikimu haijaingia. Naumia sana.

YANGEYANGE: Nitalala wapi basi? Nimepanda bodaboda hadi Nyamisati, nimelipa na nauli ya mashua, mfukoni sina kitu.

MAMBA: Naumia, nasema. Ila posho ya kikao ipo. Sisi watatu tusaini hapa. Wewe bado hujaingia kwenye mfumo.

Hapo zikasikika kelele dikoni. Mashua tatu zilikuwa zimefunga, matenga yanashushwa, wachuuzi wanagombea bei, na maji yameanza kurudi.

YANGEYANGE: Mzee, kamba hao! Naomba ruhusa nikahesabu, dakika ishirini tu, nirudi.

KIBOKO: Binti, tuko ajenda ya tano, umuhimu wa takwimu sahihi. Utatoka vipi katikati? Kaa.

KAA: Naam?

KIBOKO: Safari hii nawaambia wote wawili.

Wakakaa. Ajenda ya sita ilikuwa kuwahi kazini. Ya saba, Mamba alisoma makisio ya vikao vya utambulisho vya robo mwaka ijayo. Ilipofika ya nane, Kiboko alitazama jua.

KIBOKO: Muda umetutupa mkono. Maswali tutayaweka kikao kijacho. Una la kusema, binti?

YANGEYANGE: Nilikuwa na moja tu, mzee, la mashua. Limeshajijibu.

Kikao kilifungwa saa 7 mchana, maji yamekupwa, diko limebaki tope na magamba. Kaa alijaza fomu mbili. Ya kwanza: "Utambulisho wa mwajiriwa mpya: umefanikiwa." Ya pili, ya takwimu za siku: "Kamba walioshushwa: 0."