Rangi ya Kucha na Ndege ya Harusi

Kitabu cha maelekezo kilichokuja na droni yangu kinakataza kuirusha kwenye mvua, ukungu, upepo mkali na theluji. Mimi ni mtu wa Tanga. Hilo la theluji nimelitii tangu siku ya kwanza.

Yaliyobaki ndiyo yenye matata, maana kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na miaka hii mfungo unaisha masika yakiwa mlangoni. Idi ikipita, kadi za mialiko na mawingu vinaanza kumiminika kwa pamoja. Na mteja wa siku hizi haridhiki na picha ya maharusi wakilishana keki. Anataka "ile ya juu." Jirani yake aliipata ile ya juu kwenye harusi ya bintiye, kwa hiyo naye ataipata, hata kama siku hiyo vyura wanavuka barabara kwa kuogelea.

Mama wa bi harusi mmoja alinilipa nusu mapema, taslimu, akizihesabu noti mara mbili. Nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Mama, ndege nitakuja nayo, ila mvua ikinyesha sitairusha."

"Mwanangu," akasema, "mimi nimelipia ndege. Sikulipia visingizio."

Mjomba wa bi harusi, mzee asiyekosa la kusema, alikuwa pembeni anakunywa kahawa. Akadakia: "Rwanda kule ndege za namna hiyo zinapeleka damu hospitali tangu 2016, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe picha ya keki inakushinda?"

Ni kweli zinapeleka. Lakini zile zina mabawa, zinarushwa kwa mtambo kama manati, na zimeundwa kwa kazi hiyo. Yangu ina mapanga manne na uzito wa gramu 249. Uzito huo si bahati: nchi nyingi huanza kumsumbua mwenye droni ikifika gramu 250, basi waundaji wakaishia hapo hapo ukingoni, kama msafiri anayepima begi lake mara tano asilipie kilo moja. Embe dodo moja la wastani linaizidi. (Kibali cha kurusha ninacho, msije mkanitafuta.)

Zipo droni zinazoweza mvua. Utazitambua kwa herufi IP na tarakimu mbili mbele yake, ya kwanza ya vumbi, ya pili ya maji. Matrice 30 ya DJI, kwa mfano, ni IP55, yaani hata ukiielekezea mpira wa maji haikasiriki. Kwa bei yake ningegharamia harusi nzima ya yule binti, na taarab juu. Yangu haina IP hata ya kusingiziwa.

Nikarudi nyumbani kuitafutia kinga.

Wazo la kwanza la Mtanzania yeyote akiona mvua ni mfuko wa rambo. Zamani ungevaa kichwani ukakimbia. Lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hii mifuko mbadala tuliyonayo inapitisha maji kama chandarua. Nikachukua kofia ya plastiki ya mke wangu, ile anayovaa akipaka mafuta ya nywele, nikaivisha droni mgongoni, nikakata nafasi za mikono minne. Ikapendeza, nasema kweli. Ilifanana na bibi aliyetoka kuoga.

Dakika tatu tu ikiwa imewashwa sakafuni, haijaruka hata sentimita moja, ikaanza kulalamika joto. Droni inapumua. Ina matundu ya kupoza ubongo wake, na ukiyaziba inapata homa. Ukiyaacha wazi, maji nayo yanapita humo humo. Nikaivua kofia na kuirudisha bafuni kimyakimya, ila zile nafasi nne nilizokata hazikurudi.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi wangu wa simu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Fundi huyu hana cheti cha kutundika ukutani, ana msikiti wa jirani na macho makali. Alinisikiliza akiwa ameinamia simu ya mtu, bila kuinua kichwa.

"Mota usizihofie," akasema. "Mota hizi hazina brashi, na nyaya zake zimepakwa vanishi. Zitazunguka hata ndani ya ndoo. Kinachokufa ni beringi, tena baadaye, kwa kutu, hasa kwa chumvi ya bahari yetu hii. Anayekufa papo hapo ni bodi."

"Sasa bodi naifunika na nini?"

Akainua kichwa. "Sheikh anasemaje juu ya rangi ya kucha?"

Nikashangaa. "Anasema udhu hautimii."

"Kwa nini?"

"Maji hayafiki kwenye kucha."

"Basi," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nimesoma vitabu vingi maishani, sijawahi kufundishwa kitu kwa maneno machache kiasi kile. Ipo dawa hasa ya kazi hiyo, ya silikoni au akriliki, na nyingine zimewekewa kitu kinachong'aa chini ya taa ya zambarau, kama ile ya kukagulia noti bandia dukani, ili fundi aone alipopaka na aliporuka. Ningeweza kuiagiza Dar. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumanne.

Mke wangu ni mtu wa hina na piko, rangi ya kucha haimo ndani ya nyumba. Nikampigia shemeji yangu. Alikuwa nazo chupa mbili, moja yenye vimeta. Fundi aliikataa ya vimeta kabla sijaiweka mezani. "Kinachometameta humu ndani kinaweza kuwa bati," akasema. Tukatumia isiyo na rangi.

Akafungua droni kwa bisibisi nyembamba kama kiberiti, akapaka taratibu, akiruka kila mahali pa kuchomekea waya. Kibanda kikanuka saluni. Wateja waliokuja kuulizia chaja walichungulia, wakamwona mtu mzima mwenye ndevu anapaka rangi ya kucha, mwingine mzima anampulizia ikauke, wakaenda zao. Kosa lililofuata lilikuwa langu. Fundi alipoitwa na adhana ya adhuhuri aliacha robo ya bodi haijapakwa, nami kwa kutaka kumrahisishia nikaimalizia. Nikapaka kila nilichokiona. Kulikuwa na kibati kidogo cha mraba, hakifiki ukubwa wa punje ya mtama, kina kitundu katikati. Kitundu kile nilikiona. Nikakiziba vizuri kabisa, mara mbili.

Alhamisi jioni nikaipeleka uwanjani nyuma ya nyumba kuijaribu. Ikanyanyuka, ikatulia mita moja kutoka chini kama mtoto mwenye adabu. Nikaipandisha kidogo, nikaachia vijiti. Kwa kawaida ukiachia vijiti inasimama ilipo. Hii ikaendelea kupanda. Kioo cha rimoti kinaniambia mita 9, na mimi kwa macho yangu naiona iko juu ya mnazi, na mnazi ule tangu nizaliwe haujawahi kuwa wa mita 9. Watoto wa jirani wakaanza kushangilia. Nikavuta kijiti chini mpaka mwisho, nikakishikilia hivyo hivyo kwa vidole vyote, na ikashuka kwa shingo upande. Ilipogusa ardhi nilikuwa nimelowa jasho kuliko mvua yoyote ambayo ingeninyeshea.

Fundi aliifungua, akaitazama kazi yangu, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kitundu kile ndicho kipimahewa. Droni hujua kimo chake kwa kupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Mimi niliifungia hewa ndani ya kitundu kile, na bodi ilipopata moto hewa hiyo ikakosa pa kutanukia, mgandamizo ukaongezeka, droni ikajiona inazama. Kwa hiyo ikafanya ambalo kila kiumbe kinachozama hufanya. Aliibandua ile rangi kwa ncha ya sindano ya kushonea kofia, pumzi ameibana, na aliponirudishia akasema tu, "Kaka, wewe piga picha."

Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Kufika saa tano uwanja ulikuwa tope, na maturubai sita ya bluu yameunganishwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wageni wote wako chini yake, bi harusi yuko chini yake, na keki pia. Nikamfuata mama wa bi harusi. "Shikamoo mama. Naona watu wote wako ndani ya maturubai. Huko juu nitapiga nini?"

"Marahaba. Utapiga ile ya juu."

Mvua ilipolegea ikabaki manyunyu, nikaichukua kutoka kwenye meza yangu iliyokuwa chini ya maungio ya maturubai mawili, nikatoka nje nikairusha. Na ikaruka! Kusi iliisukuma kidogo kuelekea msikitini, ikajirekebisha. Tone moja lilikaa kwenye lenzi na kumfanya kila aliyepita uani aonekane kama jini. Nilizunguka mara mbili, nikarekodi sekunde arobaini za maturubai ya bluu, magari yaliyokwama, na jiko la nje lenye moshi. Juu ya turubai moja maji yalikuwa yametuama, dimbwi zuri la duara linaloakisi mawingu. Nikalishukia taratibu, nikalirekodi kwa ufundi wangu wote. Kisha nikairudisha, nikaidaka mkononi, nikaifuta kwa kanga. Kavu. Haikupata neno. Nikaiweka mezani mbele ya watu ili waione, na nilikuwa nageuka kumtafuta mjomba nimwambie habari za Rwanda.

Mjomba alikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mpini wa ufagio, ameona turubai limeshuka tumbo, na kwa nia njema kabisa akalisukuma kwa chini ili maji yamwagike nje. Hayakumwagika nje. Yalifuata maungio, yakashuka yote kwa pamoja, ndoo tatu au nne, juu ya meza yangu.

Nikachomoa betri haraka, hilo nalijua. "Leteni mchele!" mama wa bi harusi akapiga kelele. Mchele hausaidii kitu, vumbi lake tu litaingia kwenye mota, lakini sikupata nafasi ya kueleza, kwa sababu sauti ilijibu kutoka jikoni: "Mchele gani tena mama? Wote ulishakuwa pilau!" Droni ikakaushwa na feni ya chumba cha bi harusi, na mimi nikala ile pilau nikiitazama kupitia mlangoni.

Bodi ilipona. Fundi aliifungua Jumatatu, akakuta maji yamesimama juu ya rangi ya shemeji kama umande juu ya jani la mgomba. Kilichokufa ni ule mkono mwembamba unaoshika kamera, ambao hakuna aliyefikiria kuupaka chochote. Kadi ya picha ilikuwa nzima.

Wiki iliyofuata nilipeleka video. Mama akavaa miwani, akatazama sekunde zote arobaini, akairudisha nyuma, akaisimamisha.

"Hapa pana nini?"

"Maji, mama. Yametuama juu ya turubai."

"Na chini yake?"

"Meza yangu."

"Na haya ulikuwa unayaona, wakati ule ule?"

"Nilikuwa nayaona kwenye rimoti, mama. Yalikuwa yanapendeza."

Akanitazama juu ya miwani, kisha akairudia tena picha, akasogeza uso. Pembeni kabisa, mtu mwenye kofia nyeupe alikuwa anakatiza uani akitokea jikoni, mkononi ameshika ufagio.

"Kamwite mjomba," akamwambia mtoto aliyekuwa mlangoni. "Aje ajione."