Nguzo Haina Kosa: Namna ya Kusimamisha Ndege ya Mabawa ya Ghorofa Ukiwa Bariadi

Umefungua boksi la ndege ya plastiki, ile ndogo ya kuunganisha kwa mkono, yenye bawa la chini na bawa la juu. Mwili umekaa, mkia umekaa, bawa la chini limeshika. Zimebaki nguzo, vile vijiti vyembamba vya kubeba bawa la juu, na hapo ndipo watu wazima hununa. Moja inaingia, ya pili inachomoka. Ukibana ya kulia, ya kushoto inaning'inia milimita nzima kutoka kwenye tundu lake. Mpwa wako aliyekaa pembeni anatoa ushauri wa kishujaa: "Mjomba, si ukate kidogo tu?"

Mpe soda, mwambie asubiri. Wembe na nguzo visikutane kwanza. Nguzo hizi hutoka kwenye kalibu ya chuma, na kalibu haibadilishi mawazo kati ya boksi moja na jingine. Kilichobadilika kwa kawaida ni kitu kingine: bawa limepinda, tundu limejaa rangi, nguzo ya mbele imewekwa nyuma, au wewe unalazimisha kusimama wima kitu kilichoundwa kiegemee.

Tuchukue ndege iliyowahi kuruka pande zetu. Mwanzoni mwa 1916, Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye marubani wengi wa Afrika Kusini, kilifika Mbuyuni, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, kikiwa na ndege za BE2c za kuwasaka Wajerumani. Kampuni ya Airfix ya Uingereza imetengeneza modeli yake kwa kipimo cha 1 kwa 72, hivyo bawa la mita 11 na ushee linakuwa la sentimita zisizofika 16. Kati ya mabawa kuna nguzo 8, nne kila upande, na juu ya mwili kuna nyingine 4 fupi. Hizo ni ncha 24 zinazotakiwa kukubaliana kwa wakati mmoja. Vikao vingi vya ukoo havifikii makubaliano ya namna hiyo, kwa hiyo usijilaumu.

Anza na bawa lenyewe. Boksi limesafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, kisha likakaa wiki kadhaa juu ya kabati, chini ya mabati, katika jua la Simiyu. Plastiki nyembamba ikibanwa huku ina joto hupinda. Liweke bawa juu ya kioo na uinamishe jicho hadi usawa wa kioo. Ncha moja ikiinuka kuliko nyingine, umempata mkosaji. Lakini tazama kwanza mchoro, maana ndege nyingi za aina hii zina mwinuko wa makusudi kuelekea ncha za mabawa, na huo si wa kunyoosha. Lichovye bawa katika maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, si yanayochemka, likunje taratibu kuelekea upande unaotaka, kisha litie kwenye maji baridi. Rudia mpaka likubali.

Matundu nayo yachunguze. Rangi ikishaingia humo, tundu linakuwa fupi na nguzo inaonekana ndefu. Zungusha ncha ya pini mpaka unga wa rangi utoke. Halafu kabla hujakata nguzo yoyote kutoka kwenye fremu yake, ibandikie kipande cha selotepu chenye namba. Za mbele na za nyuma hufanana mno kwa macho, na ukizichanganya hakuna gundi ya kukuokoa.

Sasa suala la kuegemea, ambalo ndilo linalowaumiza wengi. Kwenye BE2c bawa la juu limetangulia mbele ya la chini, kwa hiyo nguzo zake ukizitazama kwa ubavu zimelalia mbele. Tiger Moth, ndege ya mafunzo iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina sababu nzuri kuliko zote. Aliyekaa kiti cha mbele alikuwa na bawa na tangi la mafuta juu ya kichwa chake, na akiwa na parachuti asingeweza kutoka haraka. Wabunifu wakasogeza sehemu ya katikati ya bawa mbele, kisha wakarudisha ncha za mabawa nyuma ili ndege isipoteze mizani yake. Ukiinyoosha nguzo ya Tiger Moth iwe wima, unafunga mlango wa rubani. Mpwa naye aelezwe hilo.

(Ndugu zangu wa Lamadi wanaopenda ziwa watauliza kuhusu Short Calcutta, ile ndege ya majini ya Imperial Airways iliyokuwa ikija Mwanza mwaka 1931. Nayo ni ya ghorofa, na kanuni ni hizihizi.)

Usipandishe bawa la juu mikononi. Fundi hapandishi kenchi bila ngazi na miti ya kushikilia, nawe jenga vishikizo vyako kwa makasha ya viberiti. Soma kwenye mchoro umbali kati ya mabawa, panga makasha mpaka yafikie, ongeza karatasi panapopungua, kisha laza bawa la juu bila gundi. Likitulia mahali pake, leta nguzo moja moja. Utaona nyingi zinaingia bila ugomvi. Ikibaki moja tu iliyozidi, hapo ndipo msasa laini unapata ruhusa: pitisha mara mbili, jaribu, pitisha tena. Iliyopungua ongezewe kipande cha fremu.

Gandisha kwanza zile nne za juu ya mwili na za nje kabisa, kwa gundi ya plastiki inayochelewa kukauka, uache mpaka kesho. Zilizobaki zitoshe tone dogo la supa gluu lililobebwa na ncha ya pini. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa tunaishi kwenye mkoa wa pamba: usifute supa gluu kwa pamba. Gundi hiyo ikikutana na nyuzi za pamba huganda kwa kasi na kutoa joto kali. Inaweza kufuka moshi na kuunguza vidole. Chukua kipande cha mfuko wa plastiki, na mtoto akae mbali.

Kazi ya mwisho ni waya. Katika ndege halisi nguzo zilizuia mabawa yasikaribiane na waya zilizuia yasiachane, na jua lilipokausha mbao, mafundi walilazimika kuzikaza upya. Kwako wewe unyuzi mmoja wa nywele za bandia kutoka saluni yoyote ya Bariadi unatosha: ni mwembamba, mweusi, haufumuki. Funga za karibu na mwili kwanza, kisha za nje, ukivuta kwa kiasi cha kunyoosha tu. Nguzo ikianza kupinda umevuta kupita kiasi. Kata unyuzi huo, funga mwingine.