Mwokotaji Hana Heshima

Nawaonea wivu waandishi wa Marekani. Wao wakipita ufukweni wameinama, watu husema bwana huyo anaandika kitabu. Mimi nikiinama pwani yetu hapa Tanga naulizwa kama nimedondosha simu.

Chukua Curtis Ebbesmeyer, mtaalamu wa mikondo ya bahari. Mwaka 1990 meli ya mizigo ilipigwa na dhoruba kwenye Pasifiki, makontena yakaanguka, na maelfu ya raba za Nike zikaanza safari zake. Mama yake alisoma gazetini kwamba watu wanaokota raba pwani, akamuuliza mwanawe zimetoka wapi. Mama yangu akisikia nafuatilia viatu vilivyotupwa, ataitisha kikao cha ukoo.

Mwenzangu akafuatilia kweli. Namba zilizochapwa ndani ya raba zikamwonyesha zimetoka shehena ipi. Mwaka 1992 bahari ikamwongezea midoli ya plastiki zaidi ya 28,000: bata, vyura, kasa. Mwaka 2009 akatoa kitabu. Na sasa sikiliza uungwana wa wale waokotaji: raba hazikuwa zimefungwa jozi, na upepo hausukumi ya kushoto na ya kulia kuelekea upande mmoja, kwa hiyo watu wa Oregon waliziosha, wakakutana kubadilishana ili kila mtu apate jozi yake. Hata takataka za wenzetu zina namba na mkutano!

Mimi bahari inaniletea visoda, chupa za maji na ndala. Juzi maji yalipokupwa niliokota ndala moja ya bluu, ya kulia. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje, mkanda umeshonwa kwa uzi wa nyavu, ulipokatika tena ukafungwa waya. Mwenyewe hakuitupa hii, bahari ilimpokonya. Nikasema hapa pana aya nzuri.

Akina mama waliokuwa wakirudi na ndoo za chaza wakasimama.

"Baba, umepata nini?"

Nikawaonyesha.

"Hiyo hailiwi," akasema mmoja, wakaendelea na safari.

Tena hata hii mada ya ndala nimeshawahiwa. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, wakalivika ndala zipatazo 30,000, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Wao jahazi, mimi aya. Hata hiyo aya sijaianza.

Nikakaa juu ya gogo nitoe daftari. Akatokea mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye ndala. "Mwanangu, ya kushoto hukuiona?"

Nikasema sikuiona. Akaivaa hiyo moja, akaikanyaga mchangani mara mbili, ikamkaa sawasawa. Akanishukuru na kuondoka nayo. Sasa nani atamweleza mhariri?