Namna ya Kurudi Mikono Mitupu Kutoka Barafuni na Sifa Zako Ukabaki Nazo

Umehamia Minnesota, ziwa limeganda, na jirani amekualika mkavue samaki kupitia tundu la barafu. Najua unachotaka. Unataka picha ya kutikisa kundi la WhatsApp la ukoo, halafu samaki arudi majini, nawe ulale usingizi wa mtu mwema. Hakuna ubaya. Yote mawili yanapatikana, na njia za mkato zipo. Sogea karibu.

Ila tuelewane kwanza. Samaki akiondoka anapunga mkia, hilo si hakikisho kwamba ataishi. Majira ya joto, samaki aliyeumia huelea juu na kila mtu akamwona. Majira ya baridi akielea, anabanwa chini ya barafu, pengine hatua tatu kutoka kiti chako, na hakuna atakayejua. Maji baridi yenyewe yanamfaa: kwa kawaida yana oksijeni ya kutosha, na mwili wake hauchoki upesi. Aliyenaswa mdomoni kwenye maji ya kina kifupi, akarudishwa haraka, ana nafasi nzuri sana. Hatari kubwa inatoka kwetu sisi wenye mshipi. Basi fanya hivi.

1. Kuwa mvivu wa kina. Toboa tundu penye maji ya mita 5 au 6, wala usishindane na wanaojisifu kuvua mita 15. Kwenye kina cha mita 10, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Ukimvuta samaki kutoka huko, hewa iliyo ndani ya kibofu chake inavimba kufikia mara mbili. Trauti wa ziwani na samaki aitwaye pike wanaweza kuicheua. Walleye, samaki mwingine wa maziwa haya, hawezi kuitoa upesi. Utamwona macho yamemtoka, tumbo limechungulia mdomoni, na hata ukimrudisha hawezi kuzama. Wasimamizi wa uvuvi wa Minnesota huwatahadharisha wavuvi kuhusu kina kinachopita futi 30, yaani kama mita 9. Maji mafupi, mshipi mfupi, kazi ndogo: uvivu wako ndio uhai wake.

2. Shika mshipi mwenyewe. Kuna mitego yenye kijibendera: unatega, unaingia kibandani kuota moto, samaki akila bendera inasimama. Tamu, lakini ukifika umechelewa, ndoana imeshashuka kooni. Utafiti wa Gunflint Lake, Minnesota, uliochapishwa 1994, ulikuta kwamba trauti wa ziwani walionaswa kwa mishipi ya kutega walikufa takriban 1 katika kila 3. Walionaswa na mvuvi aliyechezesha chambo kwa mkono walikufa chini ya 1 katika kila 10. Tena mwenye mshipi mkononi huonekana fundi. Ukilazimika kutega, bendera ikisimama timua mbio, na usimpe samaki muda wa kumeza.

3. Ndoana ikimezwa, kata mshipi. Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Mtu mwenye makuu huingiza koleo kooni na kuchokonoa mpaka damu itoke matamvuani, eti hakubali kushindwa na ndoana. Wewe kubali. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo, mwachie aende. Wengi huishi na ndoana hiyo, na wengine huitema baadaye. Ndoana mpya ni senti chache tu.

4. Iba picha kwa sekunde. Hapa ndipo majivuno yanapoua, kwa hiyo tuyapangie. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwachosha trauti kwa kuwakimbiza majini. Waliobaki majini baada ya hapo walikufa asilimia 12. Waliotolewa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38, na waliokaa dakika nzima, asilimia 72. Hapo hapakuwa na barafu. Kwenye baridi kali, matamvua yaliyolowa yanaweza kuanza kuganda.

Kwa hiyo kamera iwe imewashwa, na mpiga picha awe amepiga goti, samaki akiwa bado ndani ya tundu. Vua kofia, panga tabasamu lako mapema. Mnyanyue, nyoosha mikono kuelekea kamera, naye ataonekana mkubwa kuliko alivyo. Bana pumzi wewe pia. Moja, mbili, tatu, mrudishe. Ukitaka ya pili, piga akiwa majini, kichwa tu kikichomoza. Inapendeza zaidi, na samaki hadhuriki.

5. Usimlaze thelujini. Theluji inagandisha ute unaomkinga na magonjwa, na jicho lisilo na kope halina pa kujificha. Glavu kavu za sufu nazo zinamkwangua ute huo. Vua glavu, lowesha mikono, mshike kwa mikono miwili, amelala sawasawa. Kumning'iniza mkubwa kwa taya ni kumwumiza. Vidole vyako vitauma kwa baridi, na hilo litakufanya uharakishe. Safi kabisa.

6. Jua wakati wa kutomwachia. Ukimtoa walleye kwenye kina kirefu, naye hawezi kuzama, na sheria inakuruhusu kumchukua, mchukue ukamle. Mhesabu kwenye idadi yako ya siku, kisha hama hapo. Kuendelea kuvua na kuachia juu ya maji marefu ni kuua bila kula. Pale Mille Lacs, ziwa la Minnesota, wataalamu hukadiria walleye wanaokufa baada ya kuachiwa, na kuwajumlisha kwenye mgao wa wavuvi. Aliyeachiwa akafa huhesabiwa sawa na aliyekaangwa.

Basi, je, kuvua na kuachia barafuni kunaua samaki? Kwenye kina kirefu, kwa ndoana iliyomezwa, kwa dakika moja ya kupiga picha, ndiyo, na wengi. Kwenye maji mafupi, ndoana ikiwa mdomoni, kwa sekunde chache, ni wachache sana. Samaki hachagui kina, wala ndoana, wala muda atakaokaa hewani. Wewe ndiye unayechagua, na karibu yote unayachagua kabla hajauma chambo. Ukienda Jumamosi hii, beba mkasi, beba koleo, na pima kina kabla ya kushusha mshipi. Ukikuta maji ni marefu mno, toboa tundu jingine.