Usiri wa Sambusa: Insha Fupi kuhusu Ajali za Chakula Kilichofungwa

Vyakula vyote ambavyo ujazo wake hufunikwa kwa unga uliokandwa, kuanzia pai za tanuri za Uingereza hadi sambusa za karai za pwani ya Afrika Mashariki, vina sifa moja ambayo wali, ugali na mchuzi havina, nayo ni kwamba mnunuzi hulipa kabla hajaona anachokinunua. Sifa hii, ambayo hapa itaitwa usiri wa chakula, ndiyo chanzo cha ajali nyingi zinazotokea katika vijiduka vya sambusa za mkono vya Mji wa Kale, Mombasa, na ndiyo pia inayoeleza kwa nini biashara ambayo mtaji wake ni unga, nyama na mafuta huzua mashauri marefu barazani kama kwamba wanaoshauriana wanagombea shamba la urithi.

Chakula chenyewe kina nasaba ndefu katika maandishi. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kinaeleza namna ya kufunga nyama yenye viungo ndani ya unga mwembamba na kuikaanga kwa mafuta ya ufuta, na Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, baadaye alisimulia karamu za watawala wa Delhi zilizoandaliwa sambusa za nyama iliyosagwa, lozi, pistachio na vitunguu. Katika masimulizi hayo ya karamu hatokei mgeni aliyeinua sambusa yake juu na kuuliza nyama iko wapi, na ukimya huo waweza kufasiriwa kwa njia mbili: ama wapishi wa zama zile walikuwa hodari kupita kiasi, au mtu aliyelalamikia chakula mbele ya sultani hakupata fursa ya kulalamika mara ya pili. Mteja wa Mji wa Kale hana kizuizi cha aina hiyo, na ndiyo maana elimu ya ajali za sambusa imestawi zaidi huku kuliko Delhi.

Duka linalozungumziwa si duka kwa maana ya leseni na kibao cha rangi, bali ni ukumbi wa mbele wa nyumba, wenye meza moja, kabati la vioo, karai ya mafuta iliyowekwa karibu na mlango ili moshi utoke, na baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje, ambapo wateja husubiri kwa kusema mambo ambayo wasingeyasema wakiwa nyumbani kwao. Mwenye duka, ambaye wakubwa humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza na watoto humwita bibi, husikia yote hayo akiwa amewapa mgongo, na kimya chake huchukuliwa kuwa ni dalili ya uziwi hadi siku ya kudai madeni.

Ajali za kwanza hutokea kwenye manda, jina linalopewa vipande vya unga vyembamba ambavyo hukunjwa kuwa ganda la sambusa. Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi, hugawanywa madonge, kisha madonge kadhaa yaliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga hupangwa moja juu ya jingine na kusukumwa kwa pamoja mpaka yawe duara moja pana, ambalo huwekwa kidogo juu ya chuma cha chapati na kubanduliwa tabaka kwa tabaka lingali moto. Sharti la kubandua lingali moto ni la lazima, kwa sababu tabaka zikipoa hushikana na kuwa chapati moja nene isiyo na matumizi yanayojulikana, na kwa hiyo kazi hii humtaka mtu achague kati ya kuokoa manda na kuokoa ncha za vidole vyake. Manda zilizobanduliwa na kukatwa hufunikwa kwa kitambaa kibichi ili zisikauke, na kitambaa hicho, kwa kuwa ni safi, kina unyevu na kiko karibu, huvutia kila mwanafamilia anayetafuta cha kufutia meza, miwani au uso wa mtoto. Dakika chache baadaye manda huwa zimekauka, na kila inayokunjwa hupasuka palepale ambapo nyama ilikusudiwa kukaa.

Ajali za aina ya pili hutoka kwenye ujazo. Kima, yaani nyama iliyosagwa, hupikwa pamoja na tangawizi, kitunguu thomu, bizari na ndimu mpaka maji yote yakauke, kisha huachwa ipoe ndipo ichanganywe na vitunguu maji na kotmiri vilivyokatwa vidogo vidogo. Agizo la kukausha linaonekana kuwa jambo la ladha tu, lakini kwa hakika ni agizo la usalama, kwa sababu maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi, mafuta ya kukaangia hufikia nyuzi 170 na zaidi, na maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi inayozidi ile ya awali kwa takriban mara 1,600. Sambusa iliyojazwa kima chenye maji, na kuzibwa vizuri kwa gundi ya unga na maji, hujikuta haina mlango wa kutolea mvuke huo, hivyo hujifungulia mlango yenyewe, na nyama yake hutawanyika ndani ya karai na kuungua pamoja na sifa ya duka. Hapa hudhihirika kinyume ambacho wapishi wapya hukiona kuwa ni dhuluma, kwamba ile iliyozibwa ovyo huvuja polepole bila kelele, ilhali iliyozibwa kwa bidii ndiyo inayolipuka.

Mpishi aliyekwisha kuona mlipuko huo huchukua tahadhari ya kupunguza ujazo, na tahadhari hiyo huzaa ajali ya tatu, ambayo ni pembe ya hewa. Sambusa ina pembe tatu, na kwa kuwa nyama hutiwa kupitia mdomo mmoja wa manda iliyokunjwa kama kibweta, kipimo kidogo cha kima kinaweza kutosheleza pembe moja, kikaifikia ya pili kwa kusuasua na kuiacha ya tatu ikiwa na hewa tupu. Mlaji anayeanzia pembe ya nyama hula kwa furaha, akamaliza kwa kutafakari. Anayeanzia pembe ya hewa huinuka na kurudi dukani akiwa ameshika ushahidi mkononi. Hoja ya mwenye duka katika mashauri ya namna hii ni thabiti na haijapata kushindwa: kwamba sambusa iliyokwisha kuumwa haiwezi kuthibitisha kilichokuwa ndani yake kabla ya kuumwa, na kwamba aliyekuwa na shaka angeifungua kwanza, jambo ambalo lingeifanya isiwe sambusa.

Mwezi wa Ramadhani huzidisha ajali zote hizi, kwani ndio msimu ambao kila nyumba hutaka sambusa kwa futari, na zote huzitaka katika dakika zilezile. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua lake huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni mwaka mzima, na saa ya Magharibi haitofautiani na ya jana ila kwa muda usiozidi dakika moja. Hata hivyo wateja hufika wote kwa pamoja robo saa kabla ya adhana, wakihema na kusukumana, kana kwamba habari ya kuzama kwa jua imetangazwa ghafla. Katika msongamano huo mafuta hujazwa sambusa nyingi kuliko yanavyoweza kuzipasha, joto lake hushuka, manda hunywa mafuta badala ya kukauka, na mwenye haraka huondoka na sambusa ambazo zingefaa kutiwa katika taa ya utambi. Msimu huohuo pia huleta mtu mzima anayekuja mchana kuulizia kwa sauti ya chini kama zimebaki mbili tatu za jana, akifafanua bila kuulizwa kuwa ni za mtoto, ingawa mtaa mzima unajua kuwa mwanawe wa mwisho amekwisha kuhitimu chuo kikuu.

Mteja wa namna hiyo amepungukiwa na kinga muhimu tangu Agosti 2017, wakati Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Mfuko mweusi wa nailoni, pamoja na madhara yake yote kwa mazingira, ulikuwa na fadhila ya kutosema uliyoyabeba, ilhali bahasha ya karatasi iliyochukua mahali pake hutoa madoa ya mafuta kabla mbebaji hajafika pembe ya kwanza ya uchochoro, na kwa kuwa vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi cha kuwalazimisha watu wanaopishana wageuke ubavu, hakuna doa lisilosomwa. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua. Mficha sambusa huumbuliwa mapema zaidi, na huwa amebakiwa na moja tu baada ya kuwakirimu wote aliokutana nao njiani.

Anayefanikiwa kufika nyumbani hukabiliwa na usiri wa mwisho, ambao ni ule wa joto. Ganda la sambusa hupoa upesi kwa kuwa ni jembamba na linapigwa na hewa, lakini kima kilichofungwa ndani hubaki na moto wake, hivyo mkono humpa mlaji ripoti ambayo ulimi huikanusha papo hapo. Ikiwa ndani mlikuwa na pilipili nyingi, mlaji hukimbilia maji baridi, tiba isiyofaa kitu, kwa kuwa kiini cha ukali wa pilipili hakiyeyuki vizuri katika maji na hivyo husambazwa tu mdomo mzima. Kinachofaa ni maziwa, ambayo wakati huo huwa yamekwisha kutiwa katika chai ya wageni.

Wenye maduka wamejaribu kuupunguza usiri wa kilichomo ndani kwa alama. Baadhi hukunja sambusa za nyama pembetatu na za viazi kwa umbo jingine, wengine hubonyeza ukingo wa aina moja kwa meno ya uma, na wengine huzitenga katika sinia mbili, mpango ambao hudumu mpaka sinia moja inapohitajika kwa kazi nyingine. Udhaifu wa alama zote ni kwamba anayekunja siye anayekaanga, na anayekaanga siye anayeuza, kwa hiyo ifikapo jioni kila mmoja ana hakika na kila hakika ni tofauti. Mteja anayetaka kujua kwa yakini kilichomo ndani hushauriwa na mwenye duka anunue za aina zote mbili kwa idadi sawa, na ushauri huo, uliopimwa kwa miaka mingi, umeonekana kuwa sahihi kila mara, hasa kwa mwenye duka.