Saini Hapa, Mzigo Umefika

Hongera, mkuu wa stoo, kwa kupokea chipu za ATmega328P kwa kuhesabu mirija na kugonga muhuri. Maandishi yamenyooka, bei imenyooka zaidi. Ya nini kuulizauliza? Wenye kiherehere wangepitisha pamba yenye asetoni mgongoni mwake, waone kama rangi inabanduka na mikwaruzo ya msasa inachungulia. Wangechomeka moja wasome kitambulisho: 1E 95 0F. Ikijibu 1E 95 14, umeuziwa ndugu yake asiye na P. Lakini hayo yanakula muda, na chai inapoa. Wewe peleka tu zikalehemiwe kwenye bodi. Wateja watakupimia bure, tena watakupigia simu usiku kukupa majibu.